Upelelezi wa Polepole: Barua Zenu Juu ya Martin Beck



Wiki tatu zilizopita safu hii iliwataja Maj Sjöwall na Per Wahlöö wa Uswidi, pamoja na riwaya zao kumi za upelelezi ambazo shujaa wake, kama yafaa kumwita shujaa, ni askari aitwaye Martin Beck. Barua zilizokuja zimepita matarajio yetu. Nyingi si za kusifu, nasi hatukusikitika, kwani mtu hakai na kalamu akajaza kurasa tatu kwa ajili ya kitabu ambacho hakikumgusa. Leo tunazijibu baadhi bila kutaja majina ya walioandika, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Kwa yule ambaye makala ile ilimpita, tueleze kwa ufupi. Wawili hawa walikuwa waandishi wa habari walioishi nyumba moja na kulea watoto. Tangu 1965 hadi 1975 walitoa riwaya kumi, kila moja ikiwa na sura 30, na tangu siku ya kwanza walizikusudia ziwe kisa kimoja kirefu cha sura 300. Beck na wenzake ni wapelelezi wa mauaji mjini Stockholm. Tunamkuta ana tumbo linalomsumbua, mafua yasiyokwisha, na ndoa ambayo maneno yake yamekauka. Anajifungia chumbani kuunda vijimeli vya mbao. Tunamwacha miaka kumi baadaye akiwa mtu mwingine. Riwaya ya nne, The Laughing Policeman, ilipata tuzo ya Edgar ya Marekani mwaka 1971. Na aliyewahi kumsoma Henning Mankell, yule Mswidi aliyegawa maisha yake baina ya kwao na Maputo, amekwisha kuonja matunda ya mti huu pasi na kujua ulipandwa na nani.

Lawama iliyorudiwa na wengi ni moja: vitabu vinakwenda polepole mno. Mwalimu mmoja wa sekondari, dada yetu wa Morogoro, anaeleza kwamba alianza Roseanna, riwaya ya kwanza, akaiweka chini kabla ya katikati. Anasema mwanamke amekufa tangu ukurasa wa mwanzo, na kurasa mia baadaye polisi hawajafanya lolote ila kunywa kahawa na kupiga chafya.

Dada yetu hakusema uongo. Mwezi wa Julai mashine ya kuchimbua tope katika mfereji wa Göta, karibu na mji wa Motala, inaibua maiti ya mwanamke. Hana nguo, hana kitambulisho, wala hakuna mtu aliyeripoti kwamba amepotelewa na ndugu. Miezi mitatu inapita kabla ya jina lake kujulikana, na jina lenyewe linatoka mbali, Lincoln katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, ambako marehemu alikuwa mfanyakazi wa maktaba. Kumbe alikuwa abiria wa meli ya watalii iliyopita mferejini, na yeyote katika watu 85 waliokuwamo angeweza kuwa muuaji. Hapo ndipo kazi inapoanza. Wapelelezi wanawaandikia abiria waliokwisha kutawanyika katika nchi mbalimbali, wanaomba picha walizopiga safarini, kisha wanazipanga mezani moja baada ya moja wakimtafuta marehemu katika kila pembe ya picha. Wakishampata, wanaanza kumtafuta aliyesimama karibu naye.

Sisi tunaona kwamba sura zile za picha ndizo bora kuliko zote katika kitabu. Msafiri alipiga picha ya mandhari, au ya mkewe, na bila kukusudia akamnasa nyuma yake mtu atakayekufa siku ileile. Hakuna mbio wala risasi. Kuna jicho linalochoka na kukataa kuacha. Ila hatumlazimishi mwalimu. Asiyependa uji wa moto haponi kwa kusifiwa uji.

Aliyemjibu vyema kuliko sisi ni mzee wetu wa Tanga, askari mstaafu wa upelelezi, ambaye barua yake ilifika wiki hiyohiyo bila ya yeye kujua habari za mwalimu. Anaandika kwamba katika riwaya zote za polisi alizozisoma, hizi ndizo pekee zilizomkumbusha kazi yake. Miaka yote aliyovaa sare hakuwahi kuruka ukuta wala kulifukuza gari. Alingoja. Alingoja faili lirudi kutoka ofisi ya mbele, alingoja gari lipate mafuta, alingoja shahidi arudi kutoka shamba, alingoja daktari atie saini. Na mara nyingi, anasema, kesi aliyoharakishwa kuimaliza ndiyo iliyomnyima usingizi baadaye.

Tuiache sentensi hiyo ya mwisho ya Afande ikae kidogo. Tutairudia.

Barua mbili zinatushutumu kwa kuwatukuza Waswidi ilhali tunaye Bwana Msa wetu. Shutuma hii tunaipokea kwa mikono miwili. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, miaka mitano kabla ya Roseanna. Na mwaka uleule wa Roseanna, 1965, Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Hatukungoja kufundishwa upelelezi na mtu. Lakini tazama tofauti. Bwana Msa anakaa na kiko chake, anawasikiliza watu, na akili yake moja inakifungua kilichowafunga wote. Kwa Sjöwall na Wahlöö akili hiyo moja imegawiwa watu watano, na bado haitoshi. Melander ana kumbukumbu ya ajabu lakini hana shauku. Kollberg ana ulimi mkali na moyo laini, naye hataki kubeba bastola. Gunvald Larsson ana nguvu, ana mavazi ya ghali, na hana adabu. Rönn ni mtaratibu, pua yake nyekundu daima, na watu humdharau hadi wanapomhitaji. Beck mwenyewe sifa yake kubwa ni kwamba hakati tamaa upesi. Ukimtoa mmoja wao, kesi haitatuki. Si bora kuliko Bwana Msa, ni aina nyingine ya kisa, na nyumba yenye rafu ya vitabu ina nafasi ya vyote viwili.

Sasa tuje kwenye riwaya iliyozusha maneno makali zaidi, The Man on the Balcony, ya mwaka 1967. Inahusu mtu anayewaua watoto wa kike katika mabustani ya Stockholm. Akina mama watatu wametuandikia kwamba hawakuweza kuimaliza, na mmoja anauliza kwa nini tuliitaja kabisa katika gazeti la familia. Tunamwelewa. Waandishi hawakuonyesha kitendo chenyewe. Wanaonyesha kiatu, kichaka, uso wa mzazi anayefunguliwa mlango na askari asiyejua aanze na neno gani. Hilo linauma kuliko damu. Kwa mzazi mwenye binti wa miaka minane, kuliweka chini ni haki yake, wala asidhani ameshindwa na kitabu.

Hata hivyo kuna sababu tuliyoitajia. Mji umejaa hofu. Polisi hawana la kuwaambia watu. Ndipo wananchi wanapoanza kujikusanya vikundi na kulinda mabustani kwa mikono yao wenyewe, na kila mwanamume anayeketi peke yake juu ya benchi anakuwa mshukiwa. Kollberg, ambaye mkewe ana mimba na ambaye hasira yake kwa muuaji haina kifani, anawageukia walinzi hao wa kujitolea kwa ukali ambao msomaji hakuutarajia. Kwake yeye umati unaojipa mamlaka ya kuhukumu ni hatari kubwa kuliko mhalifu mmoja.

Msomaji wetu wa Stockholm angeweza kuipita sura hiyo kwa haraka. Msomaji wa Buguruni au wa Mbagala hawezi. Ni nani kati yetu hajasikia usiku ule ukelele wa "mwizi!", na miguu ikikimbia, na asubuhi gazeti likaandika kwamba marehemu aliuawa na wananchi wenye hasira kali? Kijana mmoja wa Temeke anaandika kwamba katika mtaa wao alipigwa hadi kufa mtu aliyekuja kuulizia nyumba ya shangazi yake. Alikuwa mgeni, alikuwa akichungulia milango, na ilikuwa saa tatu usiku. Hakuna zaidi ya hayo. Shangazi alitoka nje kutazama kelele, akamtambua kwa shati. Kijana yule anasema alisoma sura ya Kollberg mara mbili, kisha akampa baba yake, ambaye usiku ule alikuwamo katika umati. Hakutueleza baba alisema nini. Nasi hatukumwandikia kumwuliza.

Zaidi ya hayo, riwaya hii ina kitu kidogo ambacho Afande wa Tanga anakiita somo kubwa. Mwanzoni kabisa mwanamke mzee anapiga simu kituoni kulalamika kwamba mtu fulani husimama kwenye roshani ya nyumba ya pili akitazama barabarani, watoto wakicheza. Gunvald Larsson anamsikiliza nusu, anamwona mbea, anamkatiza. Beck yumo chumbani, anasikia upande mmoja wa mazungumzo. Baadaye, watoto wakiwa wamekwisha kufa, kuna jambo linamwasha akilini na halimjii. Siku na siku anajikuna kichwani akitafuta ni kitu gani alikisikia. Dawa ilikuwa mkononi tangu mwanzo, na aliyeishika aliitupa kwa kuwa sauti iliyoileta ilikuwa ya bibi kizee anayesumbua. Na mwishowe muuaji anakamatwaje? Si kwa hekima ya yeyote. Kristiansson na Kvant, askari wa doria wawili wavivu ambao waandishi huwatumia kutuchekesha, wanamkuta kwa bahati tu. Wasomaji kadhaa wamekasirishwa na mwisho huo, wakaona wameibiwa. Sisi tunaona ni ukweli mchungu wa kazi yenyewe, na Afande anathibitisha.

Barua tuliyoisoma kwa sauti ofisini, na ambayo ndiyo hasa imetufanya tuandike makala hii ya pili, imetoka kwa bibi yetu wa Unguja. Anasumbuliwa na kisukari kwa muda mrefu. Mjukuu wake alimwazima The Abominable Man, riwaya ya saba, ya mwaka 1971, bila kujua ina nini ndani.

Wasioisoma wavumilie tukieleza kidogo. Ofisa mkubwa wa polisi anauawa usiku akiwa amelazwa hospitali. Beck anapoanza kuuliza habari za marehemu, sifa rasmi zote ni nzuri: askari hodari, mwenye nidhamu, aliyewafunza wengi. Kisha mafaili yanafunguliwa. Malalamiko dhidi ya mtu huyu yamerundikana, ya kupiga, ya kudhalilisha, ya kuwafungia watu bila sababu. Yote yamejibiwa kwa sentensi ileile ya kiofisi, yote yamefungwa. Wenzake walijua. Katika rundo hilo kuna kisa cha mwanamke mmoja aliyekutwa ameanguka, hajitambui. Askari walimdhania mlevi. Walimtia mahabusu alale ulevi wake umtoke. Alikuwa mgonjwa wa kisukari, na alifia pale sakafuni. Mumewe, naye askari, hakuambiwa neno lolote la haki, na miaka ikampitia.

Bibi yetu anaandika kwamba alipofika hapo alikifunga kitabu, akakaa. Kisha akatusimulia lake. Mwaka fulani, katika kituo cha daladala, sukari ilimshuka ghafla. Miguu ilimlegea, ulimi ukawa mzito, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Alikuwa amevaa baibui, mama mtu mzima mwenye wajukuu, na watu waliokuwapo walicheka. Mmoja alisema, tazama bibi huyu na ushungi wake, amekwenda kunywa. Hakuna aliyemsogelea. Aliyemwokoa ni mwuza machungwa, kijana wa kutoka bara, ambaye mama yake alikuwa na ugonjwa uleule. Aliikata chungwa akamkamulia mdomoni. Tangu siku hiyo bibi hatoki bila peremende mkobani na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ana kisukari, asiaminiwe anapopepesuka kuwa kalewa.

Wapo wasomaji wanaosema riwaya hii inamwonea huruma mno muuaji, kwa kuwa muuaji ndiye yule mume. Afande wa Tanga ni miongoni mwao, na hapa barua yake inabadilika sauti. Aliikasirikia. Anasema polisi wote si kama yule ofisa, na kwamba kitabu kinachompa mwenye bunduki sababu nzuri ya kuua askari ni kitabu cha hatari. Tumelipima neno lake kwa uzito linaostahili, maana ni neno la mtu aliyezika wenzake. Lakini tungemwomba airejee sehemu ya mwisho. Mume yule anapanda juu ya paa la nyumba na kuanza kuwapiga risasi askari wowote wanaoonekana chini. Katika wanaokufa yumo Kvant. Ndiyo, Kvant yuleyule tuliyemcheka tangu vitabu vya nyuma, mvivu, mjinga, asiyemdhuru mtu; hakuwahi kumwona mwanamke yule wala hakuhusika na kisa chake. Msomaji aliyekuwa akimhurumia mpigaji risasi kurasa kumi zilizotangulia anajikuta amesimama juu ya maiti ya mtu aliyemzoea. Waandishi hawakumwachia nafasi ya kuegemea upande. Na Beck, ambaye amekwisha kuelewa kila kitu, anapanda paani mwenyewe, peke yake, kwa namna ambayo hata Kollberg hangeweza kuieleza. Anapigwa risasi ya kifua na kunusurika kwa shida.

Kwa hiyo hatuoni kwamba kitabu kinahalalisha lolote. Kinachofanya ni kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kutoka kwenye bunduki hadi kwenye ile dakika ambapo askari mmoja alimtazama mwanamke aliyelala chini, akaamua kwa kumtazama tu. Hapo ndipo tunapoikumbuka ile sentensi ya Afande mwenyewe, juu ya kesi alizoharakishwa kuzimaliza.

Mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam ametupa barua ndefu kuliko zote, na ya kisomi. Hoja yake ni kwamba vitabu vitano vya mwanzo ni riwaya, na vitano vya mwisho ni hotuba. Sjöwall na Wahlöö walikuwa wafuasi wa Karl Marx na hawakulificha jambo hilo. Mwaka 1965 polisi ya Uswidi, iliyokuwa chini ya miji, iliunganishwa kuwa ya taifa zima, na wawili hawa waliona chombo kipya kinachokua unene na kupoteza akili. Kadiri vitabu vinavyosogea, ndivyo lawama juu ya serikali, majengo, madaktari, chakula na hali ya hewa zinavyoongezeka. Riwaya ya mwisho inafunga kwa jina la Marx lenyewe.

Nusu ya hoja yake tunaikubali. Katika Cop Killer na The Terrorists, za mwaka 1974 na 1975, zipo kurasa ambazo kisa kinasimama kando ya njia kama punda aliyegoma, na mwandishi anapanda mgongoni kuhutubia. Wakubwa wa polisi wanakuwa vikaragosi. Mtu mjinga wa kuchekesha ni mzuri mara ya kwanza. Mara ya nane anachosha. Kijana ana haki ya kupiga miayo.

Lakini amemsahau Rebecka Lind, nasi hatuwezi kumwachia. Huyu yumo katika riwaya ya mwisho. Ni msichana mdogo mwenye mtoto mchanga, mpole, asiyejua jinsi dunia ya karatasi inavyokwenda. Anataka nauli ya kumfuata mwenziwe aliyeko Marekani. Amesikia kwamba benki hukopesha watu fedha, basi anaingia benki kukopa. Mfanyakazi wa benki anaogopa, anadhani ni jambazi, na msichana anajikuta mahakamani kwa unyang'anyi ambao hakuujua hata jina lake. Anaachiliwa. Lakini milango mingine anayoibisha baadaye haifunguki, mmoja baada ya mwingine, na anaandikia wakubwa barua zisizojibiwa. Hatutasimulia yote. Yatosha kusema kwamba kikosi kizima cha wapelelezi kimejipanga kuwazuia magaidi wa kimataifa wenye mabomu, na anayemwua waziri mkuu wa Uswidi ni yule msichana, kwa bastola ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyemtazama.

Baadhi ya wasomaji huiita sura hiyo utabiri, kwa sababu miaka kumi na mmoja baadaye, Februari 1986, waziri mkuu Olof Palme alipigwa risasi akafa barabarani Stockholm. Mwandishi wa riwaya hajui ghaibu, na tusimpe asichokuwa nacho. Kufanana kwa matukio hayo ni kwa jina la cheo tu. Uzito wa sura ile hauko kwa waziri, uko kwa Rebecka. Kama hotuba zote za vitabu vitano vya mwisho ndizo bei tuliyotozwa ili tufikishwe kwake, sisi tumelipa na hatudai chenji.

Ukitazama vizuri utaona kwamba bibi wa balkoni, mgonjwa wa kisukari na msichana wa benki ni mtu mmoja aliyerudi mara tatu katika nguo tofauti. Kila mara yupo mwenye mamlaka aliyemtazama kwa haraka. Hatudhani ni bahati. Kisa kilipangwa kuwa kimoja, na aliyeacha katika kitabu cha tano ameondoka mahakamani kabla ya ushahidi kwisha.

Mume na mke wa Tabora, walioandika barua moja kwa miandiko miwili (ilitufurahisha), wanauliza: watu wawili wanaandikaje kitabu kimoja bila kugombana? Kwa maelezo ya waandishi wenyewe, walipanga kwanza kisa chote kwa kina, wakazunguka mitaa kupima umbali na saa za mabasi. Watoto wakishalala usiku, wanakaa meza moja wakielekeana, kila mmoja anaandika sura yake. Kisha wanabadilishana: huyu anaipiga chapa sura ya yule, akisahihisha anapoona inafaa. Walitafuta mtindo usio wa mume wala wa mke, na waliupata. Hatujaona mtu anayeweza kunyoosha kidole akasema sura hii ni ya nani. Per Wahlöö alifariki Juni 1975, akiwa na miaka 48, mwaka uleule riwaya ya kumi ilipotoka. Maj Sjöwall aliishi hadi Aprili 2020, na mfululizo haukuongezwa kitabu cha kumi na moja.

Msomaji mwingine ametukumbusha, kwa ukali kiasi, kwamba wawili hao hawakufunga ndoa rasmi. Ni kweli. Safu hii inachambua vitabu, haisimamii mirathi.

Wazazi wanaouliza kuhusu vijana: Roseanna inazungumzia maisha ya faragha ya marehemu kwa uwazi ambao hatungependa mtoto wa darasa la saba aukute. The Man on the Balcony tumekwisha kuisema. Pombe imo katika vyote. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne tungempa kwanza The Fire Engine That Disappeared, ambamo kuna upelelezi wa moto mkubwa ulioteketeza nyumba, na pembeni yake Rönn maskini anatafuta gari la zimamoto la kuchezea la mwanawe lililopotea ndani ya nyumba. Ni kitabu kinachoweza kusomwa na baba na mwana kisha wakabishana.

Barua fupi kuliko zote imetoka Lindi na ina swali moja: aanze na kipi? Kwa mtu mzima jibu ni Roseanna, na avumilie mpaka meli ipatikane. Vyote vinafaa kusomwa kwa mpangilio, kwa sababu watu wake wanazeeka, wanaachana, wanajiuzulu. Kollberg anapoandika barua ya kuacha kazi mwishoni mwa kitabu cha tisa, itakugusa ikiwa umetembea naye vinane.

Aliyeomba kuazimwa The Locked Room asubiri. Nakala yetu ilitoka ofisini tangu Shaaban na haijarudi, na aliye nayo anajijua.